React kwa Bei ya Fungu la Nyanya

Ili uanze kutumia React ukiwa Majengo, Dodoma, unahitaji vitu vitatu: kompyuta mpakato, bando la intaneti, na shangazi mwenye meza sokoni ambaye hajaomba tovuti. Hicho cha tatu ndicho muhimu. Aliyeomba tovuti ana masharti na tarehe. Asiyeomba hana haraka, na hatajua kwamba umechelewa. Mwendee asubuhi kabla tenga la nyanya halijafunguliwa, mpe shikamoo yake, kisha mwambie una mpango wa kumjengea ukurasa wa bei. Akiuliza kazi yenyewe inafanyikaje, usimjibu kwamba unaandika kodi, ingawa ndivyo tusemavyo sisi kwa sisi. Mimi nilimjibu wangu hivyo. Akanyamaza kidogo, akauliza nimeajiriwa TRA lini, na mbona nyumbani hatujaambiwa.

React ni maktaba ya JavaScript ya kutengenezea kurasa za wavuti. Ilianzia Facebook, mikononi mwa mhandisi aitwaye Jordan Walke. Mwaka 2011 ilikuwa tayari inaendesha ukurasa wa habari wa Facebook, na Mei 2013 ikatolewa bure kwa yeyote anayeitaka. Mapokezi yalikuwa ya mashaka. Watu walikuwa wamefundishwa kwamba HTML hukaa faili lake na JavaScript faili lake, na hapa kaja mtu kavimimina vyote gunia moja, kama mchele na dagaa, akauita mchanganyiko huo JSX. Leo ukienda kwenye usaili wa kazi unatakiwa useme dagaa walikuwa sehemu ya mchele tangu mwanzo.

Wazo lenyewe ni kuukata ukurasa vipande vinavyojitegemea, viitwavyo vijenzi, kisha kuvipanga mpaka viwe ukurasa. Kijenzi, jengo, Majengo: mzizi ni mmoja, na huo ndio ushahidi wangu wote kwamba mtaa huu ulikuwa unaisubiri React.

Sasa sakinisha. Kwa miaka mingi mlango wa kuingilia ulikuwa chombo kiitwacho create-react-app. Kilitoka Julai 2016, mwezi uleule Rais Magufuli aliposimama hapa Dodoma akatangaza kwamba Serikali inahamia. Dodoma ilikuwa imeamuliwa kuwa makao makuu tangu 1973, kwa hiyo watu walipata miaka 43 ya kufunga mizigo. Waliojifunza create-react-app hawakupewa nafasi hiyo: Februari 2025 timu ya React ilitangaza kwamba chombo hicho kimestaafu, na video zote ulizokuwa umezipakua kwa bando la usiku zikawa somo la historia. Siku hizi utatumia Vite, neno la Kifaransa lenye maana ya haraka. Na ni haraka kweli, ikishamaliza kupakuliwa.

Katika folda yako mpya itatokea folda nyingine iitwayo node_modules. Usiifungue. Humo mna vifurushi, si vile vya kununua kwa simu, ingawa hivi hula vile, na kila kifurushi kinategemea kingine kilichoandikwa na mtu usiyemjua. Machi 2016 mwandishi mmoja aliyekosana na wenye ghala la npm kuhusu jina la kifurushi chake aliamua kuviondoa vyote alivyowahi kuweka. Kimojawapo kiliitwa left-pad: mistari 11, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi duniani kote ikagoma kujengeka, React yenyewe ikiwemo, mpaka npm walipokirudisha. Mweleze fundi ujenzi yeyote wa hapa kisa hicho, atakuuliza ni nani aliyeweka tofali la jirani kwenye msingi. Mwambie ni sisi sote, na ni matofali ya majirani elfu.

Kijenzi chako cha kwanza kiite Fungu. Unakipa jina na bei, nacho kinakurudishia fungu limekaa kwenye skrini: nyanya 1000, vitunguu 1000, bamia 500. Umekiandika mara moja, unakitumia mara kumi, wala huoni aibu. Sokoni nako hakuna anayebuni fungu upya kila asubuhi: tatu chini, moja juu, iliyoiva zaidi imegeuziwa mteja.

Jina na bei hizo huitwa propsi. Hushuka kutoka kwa kijenzi mzazi kwenda kwa kijenzi mtoto, na mtoto haruhusiwi kuzibadilisha. Nyaraka zinalieleza jambo hili kwa kurasa nyingi; mimi nililielewa saa nne asubuhi, shangazi akiwa ameketi kwa mama lishe upande wa pili wa njia. Kijana aliyebaki mezani anajua bei kwa sababu ameambiwa. Mteja akisema "nifanyie mia nane", kijana hakubali wala hakatai, anapaza sauti: "Mama! Anasema mia nane!" Sauti inapanda, uamuzi unashuka. Siku kijana akijipangia bei mwenyewe, meza moja itakuwa na bei tatu, na jioni hesabu haitamjua aliyeikosesha.

Facebook walilijua hilo kwa taabu. Mwaka 2014 wahandisi wao walieleza jinsi ile namba nyekundu ya ujumbe ilivyokuwa ikiwaita watu wasome ujumbe usiokuwepo. Wanairekebisha, inapona, inarudi, kwa sababu sehemu nyingi za ukurasa zilikuwa zinapangiana bei bila kuulizana. Dawa ikawa kuilazimisha data itembee upande mmoja. Yaani, muulizeni Mama.

Kitu kinachobadilika, kama idadi ya mafungu yaliyobaki, huitwa hali, na tangu toleo la 16.8 la Februari 2019 unaivua kwa ndoano iitwayo useState. Waliotutangulia waliandika klasi, zenye neno this lililokuwa na maana mpya kila ukigeuka, na wanapenda kutukumbusha, kama wazee wanavyokumbusha walivyotembea kwa miguu kwenda shule. Sharti la hali ni moja: usiiguse orodha ya zamani, tengeneza nakala, badilisha nakala, kisha ikabidhi. Mafunzo rasmi hulifundisha hili kwa mchezo wa X na O, wenye vitufe vya kurudi kwenye hatua zilizopita, maana kila hatua imetunzwa nakala yake. Wangeyaandikia Dodoma wangetumia bao, na vitufe hivyo vingeondolewa siku ileile. Jaribu kumwambia mzee aliyekwisha kula kete zako kwamba sasa mnarudi hatua tatu nyuma.

Ukifika kwenye orodha, React itakudai ufunguo kwa kila bidhaa, kitambulisho kisichofanana na cha mwenzake. Usipoutoa itakuandikia onyo jekundu. Njia rahisi ya kulinyamazisha ni kutumia nafasi ya bidhaa kwenye foleni: ya 0, ya 1, ya 2. Onyo linakoma, unapiga picha ya skrini, unatuma kwenye kundi la WhatsApp la darasa lenu. Nilifanya yote hayo. Pembeni ya kila bidhaa nilikuwa nimeweka kisanduku cha kuandikia kilo. Nikajaribu kuagiza nyanya kilo 2, kisha nikaziondoa nyanya kwenye orodha, tuseme zimekwisha. Nyanya zikatoweka vizuri. Ile 2 ikabaki palepale mstari wa kwanza, na mstari wa kwanza sasa ulikuwa wa pilipili kichaa. React haikukosea: niliiambia kwamba wa kwanza ni wa kwanza, nayo ikaniamini, ikamtunzia wa kwanza kilo zake. Ufunguo uwe namba ya bidhaa yenyewe, inayoifuata popote isogeapo. Ukipenda njia yangu, tafuta kwanza mteja anayeweza kumaliza kilo mbili za pilipili kichaa.

Kuhusu ndoano nyingine, useEffect, nitasema machache, kidonda bado kibichi. Niliiagiza ilete bei kutoka kwenye seva kila kijenzi kinapochorwa. Bei zikifika zinabadilisha hali. Hali ikibadilika kijenzi kinachorwa upya. Kikichorwa, bei zinafuatwa tena. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani kwa sharti kwamba akirudi tu, atumwe. Nilikwenda kula chapati na maharage, na niliporudi bando la wiki lilikuwa limekwisha, na bei zilikuwa sahihi sana. Dawa yake ni mabano mawili matupu mwishoni, yanayosema hivi: nenda mara moja, ukae. Hata hivyo wakati wa kutengeneza utaona imekwenda mara mbili. Usihangaike na macho. Ni StrictMode, inayorudia kazi yako makusudi ili uchafu ujitokeze mapema, kama mama mkwe anayepitisha kidole juu ya kabati.

Siku ya kukabidhi, vaa shati. Nilimpa shangazi simu, ukurasa umefunguka, mafungu yamejipanga kwa rangi, kitufe cha kuagiza kinang'aa. Akautazama kwa heshima yote, akapandisha, akashusha, akapandisha tena.

"Nyanya zikiisha, hii inajua?"

"Mpaka uiambie, shangazi."

"Kijana naye mpaka umwambie," akasema, "lakini yeye anabeba matenga."

Hapo ndipo mwongozo unakutaka ueleze jambo zuri kuliko yote katika React, nami nikaeleza. Nikamwambia bei ikibadilika, ukurasa mzima hauchorwi upya kwenye skrini. React huchora picha mpya kichwani mwake, ikailinganisha na ile ya zamani, kisha ikagusa pale tu palipotofautiana. Ndiyo maana ukurasa hauchelewi hata ukiwa na bidhaa mia. Nilitumia mikono. Nilitumia fungu la bamia kama mfano. Sidhani kama alisikia hata nusu, kwa sababu simu yake iliita katikati, na dalali alikuwa upande wa pili: nyanya za Ilula zimepanda.

Akanirudishia simu yangu. Akageukia kibao chake cheusi kilichoning'inia kwenye mlingoti wa meza, chenye chaki iliyofifia: NYANYA 1000, VITUNGUU 1000, BAMIA 500. Akalamba kidole gumba, akafuta sifuri moja kwenye mstari wa nyanya, akaandika 5.

Nikamuuliza mbona hakufuta kibao kizima akaandika upya, ionekane vizuri.

Akanitazama kama mtu anayehesabu ada aliyonilipia.

"Kwani vitunguu navyo vimepanda?"