Vifuu Vimeshinda, Kaka Asipige Simu

Columbus, Ohio
Mwisho wa Februari

Dada,

Nawajibu wote kwa mkupuo mmoja, maana tangu nirushe picha ya mwanao na tuzo yake kwenye kundi la ukoo, simu yangu haijapumzika. Ndiyo, ni kweli, ameshika nafasi ya kwanza mashindano ya sayansi ya shule za eneo hili, kwa kichujio cha maji cha makaa ya vifuu vya nazi. Na ndiyo, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho: kwamba kuchoma vifuu kafundishwa na wewe shangazi yake alipokuja likizo Tanga, na kwamba cheti kilipaswa kuitaja Pongwe. Nimemfikishia. Kacheka sana.

Swali zito ni la Shemeji. Maombi ya vyuo si yalishakwenda mwaka mpya? Sasa ushindi huu una kazi gani?

Huko nyumbani swali hili lisingezuka. Mtoto anafanya mtihani wa kidato cha sita Mei, NECTA wanatoa matokeo Julai, anaomba chuo divisheni ikiwa mkononi. Hakuna wa kumuuliza kama anapiga zumari. Huku wanaomba wakiwa bado darasani, wengi kati ya Novemba na mwanzoni mwa Januari, na vyuo vingi vyenye kuringa vinatoa majibu mwishoni mwa Machi. Katikati hapo mtoto hajagandishwa kwenye friji. Anapata alama mpya, anashinda hiki, anashindwa kile. Lakini mezani kwao amelala yule wa Desemba.

Fomu wanayoitumia wengi inaitwa Common App, ipo tangu 1975, na unaweza kuipeleka vyuo hadi 20. Shughuli zako za miaka yote ya sekondari unazibana katika visanduku 10, na maelezo ya kila kimoja yasizidi herufi 150, nafasi na nukta zimo. Dada, salamu zako za asubuhi peke yake hazienei humo. Na chuo kikishaipokea, huwezi kuinyang'anya uongeze neno.

Fikirieni posa. Barua imeshafika, mshenga kanywa chai ya watu, majibu bado. Ukiwa unatokea kwa wakwe kila Ijumaa kutangaza kwamba umenunua redio, watakuona huna shughuli. Lakini ukiezeka nyumba, si vibaya habari ikapenyezwa, mara moja, kwa sauti ya chini. Mshenga wetu ni mshauri wa shule, na kazi yake ni kupeleka ripoti ya katikati ya mwaka yenye alama za muhula wa kwanza. Chama cha washauri kinapendekeza mmoja ahudumie wanafunzi 250, na shule nyingi zimeshavuka hapo zamani. Kwa hiyo habari ya vifuu ilibidi mtoto aipeleke mwenyewe.

Kuipeleka nako kuna adabu zake. MIT, kwa mfano, wana fomu maalumu ya Februari kwa ajili ya habari mpya za waombaji. Vyuo vingine vinakufungulia ukurasa wako mtandaoni, unapakia hapo. Vingine vinataka barua pepe kwa ofisa udahili anayesoma maombi ya eneo lenu. Halafu vipo vinavyosema waziwazi: msitutumie kitu. Kaka anashauri hivi vya mwisho ndivyo tuviandikie zaidi, kwa kuwa barua yetu itakosa mshindani. Sasa naelewa kwa nini udiwani ulimpita.

Rasimu yake nimeipokea. Imeanza na "Kwa heshima na taadhima", imepitia utumishi wa Babu kwenye shamba la katani, na vifuu vimetokea ukurasa wa pili. Mapendekezo mengine ya kundi nimeyasoma pia: mtoto alivyosoma vizuri kwenye maulidi ya mwaka juzi, biriani ya harusi ya binamu, na kwamba hajawahi kumjibu mtu mzima. Mazuri yote, ila wanachotaka ni jambo jipya ambalo mgeni anaweza kulihakiki. Mwanao kaandika mistari mitano: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya maombi, kashinda nini na lini, kisha asante.

Mimi niliona mistari imekauka. Ila kilichonishangaza ni kwamba hakuona haya. Sisi tuliolelewa kungoja mwingine atusifie ndio tuliokunja uso kusoma "nimeshinda", na ni sisi hao hao tuliotaka kuongeza kurasa mbili.

Itasaidia? Mnielewe vizuri hapa kabla Mama hajachinja kuku. UCLA peke yake hupokea maombi zaidi ya 140,000 kwa mwaka. Habari kama hii ina uzito kwa aliye ukingoni, hasa aliyeomba mapema akaambiwa angoje, au aliyewekwa orodha ya kusubiri. Maombi dhaifu haiyafufui. Tena habari mbaya nazo zina njia yake: ukiacha somo uliloandika kwamba unalisoma, unatakiwa kuwaambia, na aliyekwisha kukubaliwa akiporomoka alama za mwisho anaweza kunyang'anywa nafasi. Nimelisema hili mezani kila jioni, mwanao sasa anakula chumbani.

Wakimkubali, vyuo vingi vinataka jibu letu ifikapo tarehe 1 Mei. Wiki hizo wao ndio watakaobembeleza, kwa barua, kwa fulana, halafu kwa karatasi ya ada. Hiyo ada nitakutajia kwa simu, ukiwa umekaa, na Shemeji awe karibu.

Kwa sasa, Kaka asipige simu chuo chochote, hata kama kajiunga kifurushi cha kimataifa. Bibi aendelee na dua, kwake herufi hazina kikomo. Na vile vitenge vya sare ya sherehe, mwambie fundi asikate. Kama ameshakata, basi asiandike jina la chuo mgongoni.

Mdogo wako