Mjomba, Huku Nako Kuna Namoratunga

Göteborg, mwezi wa saba

Mjomba wangu wa Lodwar, pamoja na shangazi na wote mlioko Kakuma,

Ejok-a? Sisi huku wazima, ila jua limetoka na Waswidi wamechanganyikiwa. Nyuzi joto kumi na tisa, watu wamevua mashati wamelala kwenye nyasi. Nikiwaambia Lodwar joto halishuki hapo hata alfajiri hawataniamini, kwa hiyo nimenyamaza na jaketi langu.

Uliniuliza pesa ya likizo nimeifanyia nini. Nimeenda kuangalia mawe. Usikunje barua kwanza.

Kuna rafiki yangu Mkongo, alikulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma One kabla ya kuletwa huku, siku hizi ni dereva wa basi. Ndiye aliyesema twende Tanum, kaskazini mwa hapa karibu na mpaka wa Norwe, tukaone miamba ambayo watu wa kale waliichonga picha. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1994. Tukapanda treni ya Strömstad, safari nzima hakuna abiria aliyefungua mdomo isipokuwa sisi wawili.

Mwamba wenyewe ni itale, umelazwa chini ukalainishwa na barafu ya zamani hadi unang'aa mvua ikinyesha, na mvua ilinyesha. Unatembea juu ya njia ya mbao ili usiukanyage. Kiingilio hakuna. Picha ni nyekundu, zinaonekana kutoka mbali, nikamuuliza mwongozaji ni rangi gani hiyo ya kudumu miaka elfu tatu. Akasema zimepakwa na watu wa siku hizi, wageni wasije wakarudi nyumbani wakilalamika kwamba hawakuona kitu. Mwenye kutaka kuziona zilivyo hasa huja usiku na tochi, akamulika kutoka ubavuni mwa jiwe. Hapo vishimo vya nyundo ya mawe vinatupa kivuli na picha inainuka yenyewe.

Mwamba mmoja tu, wa Vitlycke, una picha karibu 300. Na nyingi ni mashua. Mjomba, mashua, mashua, mashua! Ungesema hawa ni Ng'ikebootok watupu, wavuvi maskini wasio na hata mbuzi, ukageuka kurudi stesheni. Ndani ya kila mashua wapo watu, wamechongwa kama vijiti vimesimama kwenye mstari. Rafiki yangu akaanza kuwahesabu kwa kidole. "Huyu kadi yake ya mgao saizi nane," akasema. "Na hawa hapa saizi tano, wanangoja Bamba Chakula ya kambini." Mzungu aliyekuwa karibu nasi akaandika kitu kwenye daftari lake.

Lakini usiwadharau upesi, ng'ombe wapo. Mahali panapoitwa Aspeberget kuna mafahali wenye pembe ndefu ajabu, na nilisimama pale muda mrefu kuliko kwingine kote. Aliyechonga pembe zile alikuwa na emong, dume wake anayempenda, akimwimbia jioni. Hilo sikuhitaji mwongozaji kuniambia. Kilichoniudhi ni jamaa mwingine, amewafunga wawili plau. Dume analimishwa shamba! Nilipita haraka.

Halafu Litsleby yuko mwanamume mwenye mkuki, urefu wake mita 2.3. Mkuki anao, ekicholong, kigoda chake, hana. Mzee gani huyo anayetoka nyumbani bila ekicholong, ataketia nini, atalalia nini? Mambo mengine ya huyo bwana siyaandiki, maana barua hii itasomwa mbele ya shangazi.

Wapo pia wawili waliokumbatiana, huku huwaita Maharusi, na nyuma yao mtu ameinua shoka. Nikauliza huyo wa shoka ni nani. Mwongozaji akasema labda ni kuhani anawabariki. Nikamwambia kwetu huyo tunamjua: ni kaka wa bibi harusi, amekuja kuulizia ngamia wa mahari waliobaki.

Kila swali alijibu kwa labda. Labda walisali, labda walisafiri, labda walizika. Kimoja tu alikuwa na hakika nacho: bahari zamani ilifika karibu na miamba hii, na tangu barafu iyeyuke nchi imekuwa ikiinuka, ndiyo maana mashua zote zile leo zimezungukwa na mashamba ya nafaka. Basi nikaona niwape na mimi, yeye na wageni wake, kitu chenye hakika. Nikawaeleza Namoratunga, pale njiani Lodwar kwenda Kalokol: nguzo kumi na tisa za mawe, ambazo zilikuwa watu wakicheza ngoma, wakaonywa wasicheke, wakacheka, wakawa mawe. Na mpita njia hadi leo huweka kijiwe juu yake apate safari njema.

Hakuna aliyecheka. Ndipo nikaelewa ile treni: hii habari iliwafikia Waswidi zamani sana, na wameizingatia.

Labda za wasomi nasi tunazo, usidhani. Mwaka 1978 Lynch na Robbins waliandika kwamba nguzo zetu zinaelekea nyota za kalenda ya Waborana. Miaka minne baadaye Soper akapima upya akatia shaka. Na wasomi wengine walipochimba Lothagam, huko huko kwetu, kwenye nguzo zilizosimamishwa zamani, zama ambazo maji ya Ziwa Turkana yalijaa kuliko leo, walikuta makaburi ya watu wasiopungua 580, wazee kwa watoto wachanga, na hakuna dalili kwamba fulani alikuwa mkubwa kuliko fulani. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2018. Makaburi hayo ni ya miaka karibu elfu tano. Wachongaji wa Tanum walikuwa hawajazaliwa.

Niliposema neno Kalokol, mzee mmoja Mnorwe aligeuka, uso umemwiva. Alikuwa amevuka mpaka kununua nyama, maana Uswidi ni nafuu, akapitia kwenye mawe. "Kalokol ya kiwanda cha samaki?" Ndiyo hiyo. Serikali yao ilitujengea kiwanda cha kugandisha samaki, mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika jua lile! Umeme wa kutengeneza baridi ukawa ghali kuliko samaki wenyewe, kisha Ghuba ya Ferguson ikakauka, na mwaka 1990 Rais Moi akakata uhusiano na Norwe kwa mambo mengine kabisa. Jengo likaishia kuwa stoo ya samaki wakavu. Mzee akaniomba radhi kana kwamba ni yeye aliyebeba kokoto.

Nikamwambia asijali. Miaka elfu tatu ijayo mwongozaji atasimama pale Kalokol na wageni wake na kusema labda lilikuwa hekalu la mungu wa barafu, lililojengwa na watu waliokuja kwa mashua. Rafiki yangu akaongeza, "Na watalipaka rangi nyekundu."

Pesa ya mbuzi nimetuma kwa simu ya shangazi, yako ilikuwa imezimwa. Na huyo mzee anasema atakuja Turkana mwezi wa kwanza, nimempa namba yako. Mpeleke Namoratunga aweke kijiwe chake, mchinjie mbuzi. Samaki usimpe.

Mpwa wako