Jinsi ya Kuilaghai Kalkulasi kwa Aliyetoka Kagerankanda

Sogea karibu, mdogo wangu, tuongee kwa sauti ya chini. Umepata chuo, begi limefungwa, na basi la alfajiri linakungoja Kasulu. Iwe unakwenda kusoma uhandisi, uchumi, takwimu, kompyuta au ualimu wa hisabati, kwenye ratiba ya mwaka wa kwanza utaikuta kalkulasi imekaa inakusubiri. Waliokutangulia wameshakutisha kwamba somo hilo ni kiwanda cha sup, yaani mitihani ya marudio. Mimi nakupa njia za mkato. Zitakuvusha, na ukianguka utaanguka kwa heshima.

1. Livue somo joho lake. Jina kalkulasi linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kijiwe cha kuhesabia. Vijiwe hivyo unavijua: ulivipanga sakafuni darasa la kwanza, pamoja na vijiti na vizibo vya soda. Tauni ilipoifunga Cambridge mwaka 1665, Isaac Newton alirudi nyumbani Woolsthorpe, kwenye shamba la familia yao. Alikuwa na miaka 22, na huko kijijini ndiko alikoiendeleza sana hesabu hii. Yule Mjerumani Leibniz alibuni alama ya S iliyorefushwa mwaka 1675, akiwa na maana ya kujumlisha, na akachapisha kanuni zake mwaka 1684. Kwa hiyo atakayekuambia kwamba somo hili si la watoto wa wakulima, mjibu kwamba sehemu yake kubwa ilipikwa shambani.

2. Ipe majina ya nyumbani. Mhadhiri atafundisha kwa Kiingereza, na wewe utaandika kwa Kiingereza. Kichwani mwako lakini, fikiri kwa lugha uliyonyonya. Difrensiesheni ni mteremko wa pale ulipo. Umewahi kusukuma baiskeli yenye gunia la mahindi kwenye vilima vyetu. Miguu yako haikuuliza kilima kina urefu gani kwa jumla. Iliuliza hapa nilipokanyaga pana ukali gani. Swali hilo ndilo difrensiesheni nzima. Kilele ni pale ambapo mteremko unakuwa sifuri, na ndiyo maana utaambiwa tafuta derivativu, yaani mteremko huo, iweke sawa na sifuri, upate panapoweza kuwa kilele.

Integresheni nayo ni shamba lililopakana na kijito. Upande mmoja umenyooka kwa barabara, upande wa pili unapinda na maji. Utalipimaje? Tembea kando ya barabara, na kila baada ya hatua kumi pima upana hadi kijitoni. Kila upana uuzidishe kwa kumi, kisha jumlisha. Umepata eneo la kukadiria. Rudia kwa kila hatua tano, jibu litakaribia ukweli zaidi. Rudia kwa kila hatua moja, litakaribia zaidi tena. Lile jibu ambalo hesabu zako zinaliendea bila kulikosa ndilo liitwalo limiti. Kule kwetu, ambako watu wamegombania mipaka ya mashamba na msitu kwa miaka mingi, hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini eneo lipimwe vizuri.

3. Rudi kidato cha pili kimyakimya. Siri kubwa ndiyo hii: kalkulasi yenyewe huangusha wachache. Wengi huangushwa na aljebra ya zamani waliyoiruka. Mwaka 2022, katika mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne, aliyefaulu nchi nzima alikuwa kama mmoja kati ya watano. Waliovuka nao wamevuka na mashimo yao. Basi kabla chuo hakijafunguliwa, chukua wiki mbili, jifungie na daftari, rudia sehemu, vipeo, mabano na logi. Kama ulisoma PCM, usijivunie Hisabati yako ya Advance ukalala. Kama ulisoma PCB au CBG na ulikutana na hisabati ya BAM tu, usijidharau. Misingi ya somo ilikuwamo.

Nakupa na kipimo cha haraka. Ukisahau kama kanuni ni ya kweli, weka namba ndogo. Mkono unataka kuandika kwamba (a + b)² ni a² + b²? Weka 1 na 1. Kushoto unapata 4, kulia 2. Uongo umekamatwa kwa sekunde tatu, bila mwalimu.

4. Piga hesabu ya maksi kabla ya hesabu ya somo. Katika vyuo kama Dar es Salaam na Dodoma, maksi 40 ni za kosiweki na 60 ni za UE, mtihani wa mwisho wa muhula. A inaanzia 70, C inaanzia 40. Ukiingia UE na 30 mkononi, unahitaji 40 kati ya 60 upate A. Ukiingia na 12, A inataka 58 kati ya 60, na C yenyewe inataka 28. Watu hukesha wiki ya mwisho wakitafuta maksi za UE zilizo ghali, na maksi rahisi za test ya kwanza waliziacha zikapita wakiwa bado wanashangaa jiji. Piga msuli wiki ya tatu, ulale wiki ya kumi na tano.

5. Kaa mbele. Najua unataka kuonekana kipanga. Kila mtu anataka. Basi usijifiche nyuma. Ukumbini mna watu mia kadhaa, na anayekaa nyuma ndiye anayetazamwa na wavivu wenzake. Aliye mbele haoni wa kumcheka, na hakuna anayelichungulia daftari lake. Ukikwama, inua mkono, sema: "Samahani mwalimu, mstari wa tatu umetokana na nini?" Usiombe radhi zaidi ya hapo. Nusu ya ukumbi ilikwama palepale, na jioni watakufuata chumbani wakidhani unajua kuliko wao. Waeleze ulichoelewa. Utakapokwama mbele yao ndipo pa kusoma usiku huo. Sifa unayoitamani utaipata, na somo utakuwa umelipata kwa bei hiyohiyo.

6. Tengeneza nondo. Ndiyo, nondo, kile kikaratasi cha kuibia mtihani. Chukua karatasi moja, andika kanuni zote za muhula. Wiki inayofuata ziandike upya kwenye nusu karatasi. Kisha kwenye robo. Kisha kwenye ukubwa wa kiberiti. Ili zienee, itabidi utupe unazozijua na ubakize zinazokusumbua. Kipeo kishushwe mbele na kipunguzwe moja: x³ inakuwa 3x². Kitu kilichofungwa ndani ya kingine kimenye kama muhindi, ganda la nje kwanza, kisha la ndani, halafu uzidishe vyote: (x² + 1)³ inakuwa 3(x² + 1)² mara 2x. Siku ya mtihani iache nondo yako chumbani, chini ya godoro. Anayekamatwa nayo hufukuzwa chuo, na wewe huihitaji tena, maana umeiandika mara nne.

7. Tumia boom yako kwa pepa. Pesa ya Bodi ya Mikopo ikiingia, kabla ya simu na viatu, nenda steshenari ya karibu na chuo ununue pepa za miaka mitano ya somo hilo. Usikariri majibu, mtungaji hubadilisha namba. Panga maswali kwa aina: haya ya limiti, haya ya mteremko, haya ya kilele, haya ya eneo. Kisha fanya kila aina mpaka mkono uzoee. Fanya kwa saa, bila kutazama majibu. Kusoma jibu la mtu ukatikisa kichwa kwamba umeelewa ni kama kumtazama mwenzako akilima ukadhani shamba lako limelimika.

8. Chumbani mwa mtihani, uza kila hatua. Anza na swali unaloliweza, hata kama ni la mwisho. Andika kila mstari, kwa sababu msahihishaji hutoa maksi kwa njia, na jibu likikosewa njia bado inalipwa. Kwenye integresheni isiyo na mipaka, weka + C kabla hujavuta pumzi. Ukimaliza, difrenshieti jibu lako. Likirudi swali uliloanza nalo, songa mbele bila wasiwasi. Usipige chabo. Jirani naye ana mashimo yake ya kidato cha pili, na huyajui.

9. Ukianguka, anguka vizuri. Inatokea. Ukipata sup, usizime simu wala usiwadanganye wazee kwamba uko fildi. Piga simu jioni watu wakiwa wametulia: "Shikamoo baba. Nimevuka masomo mengine, limebaki moja, nalirudia kabla mwaka mpya haujaanza." Mzazi aliyeuza maharage akusomeshe anaweza kulibeba neno hilo, asichoweza kubeba ni kuja kulisikia kwa jirani. Ukifaulu sup daraja lako kwa kawaida ni C, na C ni kuvuka. Rudi nyumbani na pepa zako. Asubuhi saidia shambani, usiku washa taa ya sola ufanye maswali mawili. Wiki sita za maswali mawili kila usiku ni maswali 84, na watu wachache sana hufanya maswali 84 ya kalkulasi mwaka mzima.

Umeshanishtukia, mdogo wangu: ujanja wote niliokupa ni kazi iliyopunguzwa upuuzi. Sijui njia fupi kuliko hiyo, na ningeijua ningekupa.

Nina ombi moja. Ukirudi likizo ya kwanza, nenda shule ya sekondari ya kata, omba saa moja na kidato cha pili. Wafundishe mabano na sehemu, kwa Kiswahili ikibidi, na kwa Kiha ikibidi zaidi. Mtoto mmoja akielewa kwa nini (a + b)² si a² + b², kalkulasi yake ya mwaka wa kwanza utakuwa umeshaianza.