Mhadhara wa Bingwa Juu ya Upepo Ulionaswa Kwenye Breki

Waheshimiwa wapanda pikipiki, mafundi, na ninyi mnaojiita mafundi: kaeni. Mbele yenu amesimama Bingwa Mkuu wa Breki za Kale, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kuona wahusika wanachelewa. Makofi pigeni sasa, mwishoni nitakuwa na haraka.

Somo letu ni Honda CB750 ya mwaka 1969. Ilitoka Japani na diski moja mbele, inayobanwa kwa nguvu ya mafuta, wakati pikipiki nyingi zilikuwa bado na breki za ngoma za kuvutwa kwa waya. Hapo ndipo upepo ulipopata makazi. Mafuta hayafinyiki, ukiyasukuma huku, yanasukuma kule. Mfaransa Pascal alilieleza hilo karne ya 17, nami nimemkubalia. Upepo, kinyume chake, hufinyika. Ndiyo maana unabana leva mpaka inagusa mshikio, na pikipiki inaendelea na safari zake.

Sasa ninyi mnafanyaje? Mnabana leva, mnafungua nipeli kule chini kwenye kalipa, mafuta yanatoka, mnafunga, ndipo mnaachia. Vema. Anayeachia kabla ya kufunga atoke ukumbini, kwa maana amevuta upepo upya. Lakini hata mkifuata utaratibu, mnakilazimisha kiputo kishuke! Kiputo, mabwana! Kazi yake ni kupanda. Kinapanda hadi kwenye ile bolti yenye tundu inayofungia mpira wa breki kwenye masta silinda, kinajibanza konani, kinawacheka. Chupa ya mafuta imekwisha, chenyewe kipo palepale.

Ndipo inapoingia Nadharia ya Mapinduzi, niliyoibuni baada ya wengine kuitumia miaka mingi. Chukua bomba kubwa la sindano, bila sindano yake, liunge kwa kipande cha mpira, usukume mafuta taratibu kupitia nipeli ya chini hadi viputo vitokeze kwenye kikombe cha juu. Kikombe kipunguze mafuta kwanza, yasije yakafurika hadi kwenye tangi. Mafuta haya hula rangi. Yule mwenye tangi la buluu, kule nyuma, tutaongea faragha. Na lile tundu dogo la kurudishia mafuta, chini ya kikombe, lisafishwe. Likiziba na nadharia ikashindwa, kosa ni la tundu.

Msiniletee pia chupa iliyokaa wazi tangu mwaka juzi. DOT 4 mpya hustahimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Ikishanyonya unyevu, kiwango hicho chaweza kushuka hadi 155. Yale maji yakichemka mteremkoni yanageuka mvuke, na leva inalegea upya.

Maswali? Wewe kijana wa gereji, sema. Eti leva unaifunga kwenye mshikio kwa mpira wa tyubu, unalala, viputo vinapanda usiku kucha, asubuhi ukifungua vinatokea kikombeni? Bila nadharia? Bila kiingilio?

Hiyo, kijana, ni Sura ya Tisa ya kitabu changu, ambacho sijakiandika. Umeninukuu bila idhini.

Kikao kimeahirishwa. Wengine tokeni kwa utaratibu. Kijana, wewe baki. Huo mpira unao hapo?