Pesa Zilale Siku 28

Ekerenyo ni soko la Mugirango Kaskazini, kaunti ya Nyamira, na hapakosekani kamati ya jambo lolote. Iko ya mazishi, iko ya mahari, iko ya maji. Kijana akipata barua ya kukubaliwa kusomea MBA Uingereza, kamati yake huundwa kabla hajafika ukurasa wa pili wa barua. Mwanafunzi wa makala hii hatatajwa jina. Mikasa yake imewapata wengi waliopita njia hiyo, na kila mmoja wao ana mjomba anayesoma magazeti.

Harambee ilikuwa Jumapili, kama kawaida. Kisii na Nyamira ni ngome ya Waadventista Wasabato, ambao misheni yao ya Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii, ilianza mwaka 1912, kwa hiyo Jumamosi haiguswi. Meza iliwekwa, karani akafungua daftari, na jogoo akapigwa mnada. Jogoo wa harambee ana maisha ya ajabu. Mheshimiwa anamnunua kwa elfu tano, anamrudisha mezani, mwalimu mkuu anamnunua tena, naye anamrudisha. Jioni jogoo yuleyule aliyeingiza elfu ishirini anaondoka kwa miguu yake kwenda kulala.

Desturi hii ina mizizi. Septemba 1959 Tom Mboya alipopeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja, wengi wao walikuwa wamechangiwa vijijini kwa njia kama hiyo. Ila wakati ule kitendawili kilikuwa nauli. Siku hizi nauli ndiyo sehemu nyepesi.

Serikali ya Uingereza haitaki tu mwanafunzi awe na pesa, inataka zilale. Kuanzia Januari 2025, anayesoma nje ya London alitakiwa kuonyesha pauni 1,136 kwa kila mwezi, hadi miezi tisa. Hizo ni pauni 10,224, zaidi ya shilingi milioni moja na nusu za Kenya, na karo ambayo haijalipwa inahesabiwa kando. (Kiwango kilipanda tena Novemba mwaka huohuo, kwa wale waliodhani wamechelewa kwa faida.) Pesa hizo lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja.

Aliyetunga sheria hiyo hakuwahi kukaa Ekerenyo. Pale milioni moja na nusu haiwezi kulala siku 28. Haiwezi hata kusinzia. Wanakamati wote walijua ziko benki gani, na wiki ya kwanza haikuisha kabla ya mwekahazina kuomba laki moja "ya kuzungusha tu, Ijumaa inarudi." Mzee mmoja akafariki upande wa pili wa mto, na ikaonekana ni aibu ukoo kuchangisha matanga ilhali una pesa zimekaa bure. Shangazi alifika mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akaketi.

"Mwanangu, hizo pesa zinafanya nini huko benki?"

"Zimelala, shangazi."

"Zimelala! Na ng'ombe wangu anakufa akiwa macho?"

Mwanafunzi alijaribu kueleza kanuni za viza. Shangazi alisikiliza kwa heshima yote, kisha akauliza kama Mzungu atajua zikitolewa usiku.

Halafu likaja suala la baba mkubwa. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa yake, na kwa akili ya kawaida zingebaki kwenye akaunti yake. Lakini sheria inatambua akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, ya mwenzi wake, au ya mzazi ama mlezi wa kisheria, cheti cha kuzaliwa kikiwa ushahidi wa uzazi. Baba mkubwa ndiye aliyemlipia kijana karo tangu darasa la kwanza, akamnunulia sanduku la bweni, akamchapa alipotoroka shule. Alivaa miwani, akakikagua cheti mbele na nyuma, asione mstari wa mtu aliyelipa karo. "Kwa hiyo kwao mimi ni jirani," akasema, na ilichukua wazee wawili na chupa ya chai kumrudisha kwenye mazungumzo. Pesa zikahamishiwa akaunti ya kijana, na hesabu ya siku 28 ikaanza upya.

Kulikuwa pia na bonasi ya majani chai, ambayo mama yake aliitegemea kuziba pengo. Viwanda vya chai vilivyo chini ya wakala wa KTDA hufunga mwaka wa hesabu mwezi Juni na kulipa bonasi Oktoba hivi. Masomo huanza Septemba. Tena mkulima wa Kisii na Nyamira amezoea kulipwa chini ya mwenzake wa Mlima Kenya kwa kilo ileile ya majani, jambo ambalo lingestahili somo zima la MBA, lakini hakuna aliyewahi kuliombea nauli ya kwenda kuliwasilisha.

Kipimo cha kifua kikuu, sharti jingine la viza, kilipita salama. Ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka, ikalipwa huku baba mkubwa akiuliza kama mtu asiyeugua hurudishiwa.

Viza ilipotoka, mzigo ulimkwamisha zaidi. Kila familia ilileta zawadi ya maprofesa, na zawadi ya Kisii ni moja: vinyago vya mawe ya sabuni kutoka Tabaka. Kifaru, sahani, viboko wawili, na sanamu ya watu waliokumbatiana ambayo peke yake ilikaribia uzito wa mtoto mchanga. Begi la kilo 23 lilijaa kabla ya nguo. Aliacha makoti mawili, akabeba kifaru, na unga wa wimbi ambao forodhani ulihitaji maelezo marefu.

Darasani Manchester alikutana na sheria nyingine. Katika shule nyingi za biashara kusema darasani kunabeba alama. Kule Harvard, iliyoanzisha MBA mwaka 1908, mchango wa mdomo unaweza kufika nusu ya alama za somo. Kijana aliyelelewa kusubiri wazee wamalize alisubiri. Mzee wa chumba kile alikuwa mhadhiri, na hakuonekana kumaliza.

Aliokolewa na M-PESA. Safaricom iliizindua Machi 2007, baada ya majaribio ambayo idara ya misaada ya Uingereza ilichangia karibu pauni milioni moja, na darasa lilitaka kusikia imembadilishaje mtu wa kijijini. Macho yote yakamgeukia. Kabla hajafungua kinywa, simu ikatetemeka: shangazi, kuhusu ng'ombe. Alizungumza kwa dakika kumi bila karatasi, kwa uchungu ambao mhadhiri aliuita uchambuzi wa kina. Huku nyumbani kamati ilikuwa imesikia kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, ikazigeuza kuwa shilingi, ikasahau kodi ya nyumba.

Kilichomshinda kabisa ni jua. Ekerenyo iko karibu na Ikweta, na Sabato huingia Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni hivi, mwaka mzima, bila mjadala. Manchester mwezi Desemba jua linazama saa kumi kasoro dakika kumi. Kikundi chake cha kazi, yeye na Mwingereza, Mhindi na Mbrazili, kilikutana Ijumaa saa tisa alasiri. Mara slaidi ya tano ikifunguliwa, Mnyamira anafunga kompyuta, anawatakia wenzake Sabato njema, anaondoka. Mwingereza alidhani amekasirika. Mhindi, ambaye kwao sikukuu nyingi hufuata mwezi, alielewa mara moja na kuwaeleza wengine.

Mbrazili ndiye aliyenufaika. Kila Ijumaa aliuliza jua linazama saa ngapi, kwa sababu kikao kikivunjika yeye alikuwa wa kwanza kufika baa. Ilipofika Juni, jua likang'ang'ania angani hadi saa tatu na dakika arobaini usiku na kikao hakina pa kukatikia, alimvuta Mnyamira pembeni, akamuuliza kwa upole kama Sabato haiwezi kuanza mapema kidogo.