Hongera, Jirani

Hongera, jirani wa Kikuyu hapa Dodoma. Kompyuta yako mpya ina kava la kioo na taa za rangi zote, mtaa mzima umeziona. Pawa saplai? Hiyo ukainunua kwa chenji iliyobaki. Kwani nani anaiona huko ndani?

Stika inasema wati 600. Uzito unasema andazi. Lakini stika haijawahi kumkatalia mchapaji. Kinachogharimu ni shaba na kapasita, na hivyo muuzaji hakuona haja ya kukusumbua navyo.

Umeme wetu kwa kanuni ni volti 230. Kwa mazoea, hupungua kila nyumba ikichomeka pasi, ukakatika, kisha ukarudi kwa hasira. Pawa saplai nzuri hupokea volti 100 hadi 240 bila kunung'unika. Yako ina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Mtoto akikisogeza kwenye 115 ukawasha, utasikia mlio wa bei nafuu.

Na hata iliyo bora, umeme ukikatika, hustahimili kiasi cha sehemu moja ya sitini ya sekunde. Huwahi hata kusema "umekatika." Baada ya hapo ni kazi ya UPS, ile betri ya akiba uliyosema ni ya maofisi ya serikali kule Mtumba.

Siku pawa saplai yako itakapolipuka, usiutafutie umeme lawama. Tabia yake ulikuwa unaijua. Mtu hununua kwa kuutazama umeme alio nao, si ule wa kwenye tangazo.