Shangazi wa Kibodi Akujibu

Shikamoo shangazi. Niko saiba hapa Kawangware 46. Nilitaka kurekebisha mstari mmoja tu, mashine ikanifungulia Vim, programu ya kuhariri maandishi, na sasa sioni mlango wa kutokea. Dakika zinahesabiwa na mwenye saiba ananikodolea macho.
– Mfungwa, Kawangware

Marahaba, mwanangu. Bonyeza Esc, andika :q! kisha Enter. Utatoka, ila ulichoandika kitapotea. Ukitaka kibaki, andika :wq. Usione haya. Wahandisi wa Westlands wenye mishahara minono huniuliza swali hilohilo, faraghani.

Lakini usiitukane Vim. Mtunzi wake, Mholanzi Bram Moolenaar, aliitoa kwa umma mwaka 1991. Mwaka 1994 alikuwa Kibaale, kusini mwa Uganda, akishughulikia maji na usafi katika mradi wa watoto, eneo ambako ukimwi ulikuwa umeacha mayatima wengi. Programu hakuiuza; aliwaomba watumiaji wawachangie watoto wale, na kwa miaka mingi ombi hilo limetokea kwenye ukurasa wa kwanza wa Vim. Alifariki 2023. Kwa hivyo hukufungiwa ugenini, umefungiwa kwa jirani.

Shangazi, tunakaa watatu Makina, Kibera, na laptopu ni moja, ya mtumba, lakini kila mmoja ana kihariri chake cha maandishi. Wa Vim ameigeuza Caps Lock kuwa Esc. Wa Emacs akishika zamu anaigeuza kuwa Ctrl. Mimi wa nano nataka herufi kubwa tu. Jana tulilala bila kusemezana.
– Mnyonge wa Makina

Pole. Tena habari mbaya: wenzako wote wawili wana haki. Bill Joy alipotunga vi, mzazi wa Vim, huko Berkeley miaka ya 1970, alitumia mashine iitwayo ADM-3A. Esc yake ilikaa pale ilipo Tab leo, na Ctrl pale ilipo Caps Lock. Hata mishale ilichorwa juu ya H, J, K na L, ndiyo maana mtu wa Vim hadi leo hutembea kwa herufi hizo. Baadaye watengenezaji wakavihamisha vitufe, Esc ikatupwa pembeni kabisa, amri zikabaki zilezile. Naye wa Emacs, Ctrl ikiwa kule chini, kidole chake cha mwisho hakilali.

Haki wanayo, ila si ya kumsumbua mwenye zamu inayofuata. Fungueni akaunti tatu, kila mtu na nywila yake. Mapendeleo ya Vim yakae katika faili ya .vimrc ya mwenyewe, ya Emacs katika .emacs, na Caps Lock ibadilishwe kwenye mipangilio ya akaunti, si ya mashine nzima.

Nawe usikubali kuitwa mtoto kwa sababu ya nano. Inakuandikia njia zake chini ya skrini, alama ya ^ ikiwa ndiyo Ctrl: ^O kuhifadhi, ^X kutoka. Sijapokea barua ya mtu aliyekwama humo.

Shangazi, nilibonyeza Ctrl na S kwenye terminali ili nihifadhi kazi, skrini ikaganda tuli. Mama mkwe anasema ni jicho la watu, na ameshataja mganga.
– Mwenye Hofu, Gatwekera

Ctrl na Q. Hiyo S ni amri ya tangu enzi za teleprinta ya kuiambia mashine ingoje. Q huiruhusu iendelee. Ukitaka isikutishe tena, weka stty -ixon katika faili ya .bashrc. Mganga kama ameshachukua amana, mama mkwe aende kuidai mwenyewe.